Nani Alinipiga Picha Nikilia?

Kama safu yangu ya wiki iliyopita gazetini ilikupita, njoo nikushike mkono. Mimi ni Yaw Dwomoh, fundi wa pancha hapa Konongo, mgane, shule niliishia darasa la nne. Mke wangu Afua Pokuaa alikufa mwaka jana, alasiri, jua linawaka, kwa sababu gari la wagonjwa lilichelewa. Wenye kulisimamia gari hilo wapo hadi leo, wamenenepa.

Tulimzika. Nililia mbele za watu kama ng'ombe. Miezi kumi baadaye mteja akanitumia stika kwenye simu, na mtu aliyekuwa kwenye stika ile nilikuwa mimi.

Mdomo wazi, jino la mbele halipo. Mikono yote miwili kichwani. Nguo ya msiba imeteleza hadi kwenye kiwiko, kifua nje, tumbo nje. Chini yangu wameandika kwa herufi kubwa: MIMI NIMEKWISHA.

Umeme ukikatika, watu wanatuma mimi. Timu ya taifa ikifungwa, mimi. Bando la mtu likiisha katikati ya sinema, mimi. Nimekwenda kununua kenkey, donge letu la mahindi, kwa mama mmoja pale stendi, akanitazama, akatazama simu yake, akazamisha uso ndani ya sufuria ili asicheke mbele yangu.

Na niseme ukweli wangu, maana hapa nimekuja kuungama. Mimi mwenyewe nilikuwa na bibi mmoja kwenye simu yangu, bibi analia huku amejishika tumbo. Nimemtuma mara mia. Sijawahi kuuliza huyo bibi alifiwa na nani.

Sasa, stika ingekuwa stika tu, ningekaa kimya. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja. Mwaka wa Afua ulikuwa unatimia, siku ya mimi kuvua nyeusi na kuvaa nyeupe mbele ya ukoo wake wote. Na siku hiyo hiyo ukoo ungetamka binti yangu Serwaa anakaa kwa nani.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Hilo nalijua, sibishani nalo. Lakini baba mwenye heshima huachiwa mwanawe amlee. Serwaa ana miaka kumi na saba. Alikwenda nyumba ya ukoo wakati wa likizo ya Pasaka, akasema atakaa siku tatu. Hajarudi. Nikimpigia ananijibu, "Niko salama, Baba," halafu anakata.

Nisipotokea Jumamosi, watasema nimekimbia kwa sababu nina la kuficha. Nikitokea, nitasimama pale na simu mia mbili zimenielekea zikisubiri nilie tena. Na mtoto gani anataka kurudi kwa baba ambaye nchi nzima inamtuma kwa utani?

Kwa hiyo nilitaka jina moja tu. Nani alinipiga picha ile?

* * *

"Lete hiyo simu," alisema Attakora. "Unaishika kama samaki aliyetoka mafutani."

Attakora ni kinyozi. Kibanda chake na changu vimepeana migongo. Jumatano hiyo hakuwa na mteja, na mimi nilikuwa na tairi moja tu la baiskeli.

"Kwanza nikuambie kabisa, Yaw, usije ukasikia kwa watu. Hata mimi ninayo."

"Unayo nini?"

"Stika yako. Lakini nimeituma mara mbili tu."

"Mara mbili!"

"Ya pili kidole kiliteleza."

Nilinyanyua rungu la kugongea matairi. Akacheka, akanivuta nikae kwenye kiti chake cha kunyolea.

"Tulia, bwana. Hebu tuitazame kama polisi. Polisi wenyewe hawatakusaidia."

Hilo alisema kweli. Nilikwishakwenda kituoni. Afande aliyekuwa zamu alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba nisimame pembeni kidogo, na mara nikasikia watatu wanacheka chumba cha pili. Nilikwenda pia kwa mjumbe wetu wa baraza. Yule aliyekuja msibani na spika tatu na matarumbeta, ahadi mdomoni, huku barabara ya kwetu ina mashimo ya kufugia samaki. Akaniambia, "Mzee Yaw, hiyo ni dunia ya kidijitali." Nikamuuliza dunia hiyo mwenyekiti wake ni nani nikamwone. Akaangalia saa.

Attakora aliivuta picha kwa vidole viwili, ikakua.

"Hapa umevua bega," alisema.

"Nililia. Nguo iliteleza."

"Haikuteleza. Tazama. Umeishusha mwenyewe, ndipo ukalia. Wewe unamshushia nguo nani?"

Nikashika bega langu.

Mwanamume wa kwetu hujitanda nguo yake juu ya bega la kushoto, na haishushi kwa kila mtu. Huishusha akifika mbele ya wakubwa, akavua na ndara, ndipo anasalimia. Siku ile ya msiba nilishusha bega mara moja tu. Mbele ya benchi la wazee wa ukoo wa Afua.

"Basi mpiga picha alikaa na wazee," nilisema.

"Sasa unaongea. Na haya macho je? Hutazami kamera. Unatazama kushoto. Ulikuwa unamtazama nani?"

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa namtazama Sarpong, msemaji wa ukoo, aliyekaa katikati na fimbo yake. Ndiye aliyelitamka jina la Afua, na hapo ndipo nilipoanza kulia.

"Kwa hiyo msemaji alikuwa kushoto kwa mpiga picha," alisema Attakora, na sauti yake ilishuka kama ya mchawi. "Nani pale benchini alikuwa na Sarpong kushoto kwake?"

Tulipanga makopo ya mafuta ya nywele juu ya meza. Benchi lile lilikaa watu watatu tu. Kopo la katikati, Sarpong. Kopo la kushoto kwa Sarpong, Nana Birago, bibi wa ukoo. Huyo tulimwondoa mezani, Sarpong alikuwa kulia kwake, na isitoshe ana miaka themanini na kitu, redio tu anawashiwa. Likabaki kopo la kulia.

Opanin Tabi. Mkuu wa ukoo. Mjomba wake Afua.

"Nilijua!" nilipiga meza, makopo yakaanguka. "Nilijua mimi! Yule mzee hakunitaka tangu siku ya kugonga mlango, nilipokwenda kuposa. Alimwambia Afua, 'Katika wanaume wote wa Konongo umeona huyu wa upepo?'"

"Wa upepo?"

"Wa kujaza upepo. Matairi."

Attakora alijitahidi asicheke. Hakuweza.

"Kamati ya msiba aliishika nani?" nilisema. "Yeye. Aliyeleta mpiga video wa kurusha msiba mubashara ili ndugu zao wa Hamburg waone? Yeye. Anayetaka Serwaa asirudi kwangu? Yeye. Ananidhalilisha nchi nzima ili Jumamosi nisitokee. Hesabu imekaa sawa."

"Yaw. Kumtuhumu mkuu wa ukoo si kitu cha kwenda nacho mdomo mtupu. Ukikosea ni faini ya kondoo."

"Sikosei."

"Umewahi kumwona na simu?"

"Wakubwa huwa hawaonyeshi simu zao," nilisema.

* * *

Alhamisi, saa nne asubuhi, wazee walikuwa wamekaa uani nyumba ya ukoo kupanga mambo ya Jumamosi. Niliingia na nyeusi yangu. Nikavua ndara, nikashusha bega, nikaanza kusalimia kutoka mkono wa kulia kama inavyotakiwa. Kila mkono niliouminya niliutazama vidole. Kidole kipi kilibonyeza?

Upande wa jikoni wanawake walikuwa wanamenya mihogo. Serwaa alikuwa kati yao. Alinyanyua macho, akanipungia kwa kisu, akayashusha.

Nikapewa maji. Nikanywa. Sarpong, msemaji, akaniuliza safari yangu.

Mkuu wa ukoo haambiwi neno uso kwa uso. Unamwambia msemaji, msemaji anampelekea. Opanin Tabi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, ananisikia hadi ninavyopumua, lakini ndiyo taratibu.

"Msemaji," nilisema, "mwambie Opanin kwamba nimemgundua."

Sarpong alikohoa. "Opanin, mkwe wetu anasema amekuja na jambo."

"Mwambie mwizi si lazima aibe kuku. Wapo wanaoiba sura ya mtu akiwa kwenye kilio."

"Opanin, mkwe wetu ana swali dogo kuhusu picha."

"Sarpong, unanipunguzia maneno!"

"Ninayapiga pasi, bwana Yaw. Yana makunyanzi."

Wazee walicheka. Mimi sikucheka. Nilitoa simu yangu, nikafungua stika, nikaiinua juu uani waione wote.

"Picha hii ilipigwa kutoka kwenye benchi lenu. Nimevua bega, na sikuvua bega pengine popote. Namtazama Sarpong, na Sarpong yuko kushoto kwa mpiga picha. Benchi zima, mtu mwenye Sarpong kushoto ni mmoja. Msemaji, muulize Opanin Tabi: nilimkosea nini hata achukue machozi yangu akayafanya kichekesho?"

Visu vya mihogo vilisimama.

Safari hii Sarpong hakupeleka neno. Opanin Tabi mwenyewe aliingiza mkono kwenye mfuko wa kaptula yake, chini ya nguo, taratibu, akatoa simu yake. Akainyoosha kwangu.

Ilikuwa kitochi. Kidogo, cheusi, kimefungwa mpira wa kufungia hela ili betri isidondoke. Namba ya tano ilikuwa imechakaa. Mgongoni kilikuwa na taa ya tochi na basi.

"Mkwe," alisema Opanin Tabi, "nionyeshe ninapopigia picha hapa. Nimekuwa nayo miaka tisa, labda kuna mahali sijapaona."

Walicheka wote. Mzee mmoja aliinama akajipiga paja. "Imulike, Opanin! Imulike umpige na yeye!"

"Kondoo," alisema mwingine, akifuta machozi ya kicheko. "Kondoo dume na chupa mbili za pombe kali, shinapsi. Kumtuhumu mkuu wa ukoo mbele ya wazee, na msiba bado haujavuliwa."

"Na baada ya hayo," alisema wa tatu, ambaye hakuwa amecheka, "tuulizane kama mtu wa namna hii ndiye wa kuachiwa mtoto."

Hapo ndipo nilipoishusha simu. Nilikuja kuvuta heshima yangu, nikawa nimewapa kamba ya kunifungia.

"Ngojeni kidogo," alisema Sarpong.

Alikuwa ameichukua simu yangu. Aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, kama wafanyavyo watu wa umri wetu.

"Yaw, nguo yako hapa imeshika kiwiko gani?"

"Kiwiko ni kiwiko."

"Huu ni mkono wa kulia. Nguo imeshuka kutoka bega la kulia. Tangu lini mwanamume mwenye akili akajitanda bega la kulia? Msibani? Tungekufukuza pale pale."

Walisogea wakaitazama. Mmoja alijitazama bega lake mwenyewe kuhakikisha.

"Siku ile ulivaa kushoto kama watu wote," alisema Sarpong. "Hii picha imegeuzwa. Kama mtu wa kwenye kioo. Nani alikufanyia hesabu zako?"

"Attakora."

"Kinyozi? Mtu anayeshinda mbele ya kioo kuanzia asubuhi mpaka jioni?"

Hapo hata wanawake wa jikoni walicheka.

Lakini mimi nilikuwa nimekwishaanza kugeuza makopo kichwani. Kama picha imegeuzwa, basi macho yangu hayatazami kushoto, yanatazama kulia. Basi Sarpong alikuwa kulia kwa mpiga picha. Na aliyekuwa na Sarpong kulia kwake...

Sote tuligeuka pamoja.

Nana Birago alikuwa kwenye kiti chake kifupi, anatafuna kijiti chake cha meno. Hakushtuka. Alifungua kwanza fundo la nguo kiunoni, akatoa simu pana kama sahani, inang'aa, mpya kuliko simu zote zilizokuwa pale.

"Mngeniuliza tangu mwanzo," alisema. "Mnapita kulia, mnapita kushoto. Nilimpiga mimi."

"Nana?" nilisema. "Wewe?"

"Kwadwo aliniletea simu kutoka Hamburg. Akanifundisha, ukitaka picha unabonyeza hapa, ukitaka kuituma unabonyeza pale. Nikabonyeza hapa. Nikabonyeza pale."

Kwadwo ni mjukuu wake. Msibani hakuja, alichanga kwa mtandao.

"Kwa nini, Nana? Nimekufanyia nini?"

"Wewe hukunifanyia kitu. Nilikuwa nakusaidia."

Nilidhani uzee umemchukua. Yeye akaendelea kutafuna kijiti.

"Kwadwo na wenzake wana grupu lao la ukoo, wa kule na wa hapa. Wiki ile ya msiba grupu lilikuwa linawaka moto. Walikuwa wanasema usikanyage. Walikuwa wanasema maiti ya Afua isipite mbele yako. Basi nilipokuona umesimama pale, umevua bega, unalia hivyo, nikabonyeza. Nikawatumia. Nikawaambia kwa sauti yangu, 'Mtazameni. Mtu aliyemuua mkewe halii hivi.' Wakanyamaza. Ukamzika mkeo kwa amani. Sasa huyo mpumbavu Kwadwo ndiye aliyekugeuza na kukuandika maneno. Nimemtukana mpaka chaji ikaisha."

Wasomaji wangu, miezi miwili nilimtafuta adui aliyenipiga picha. Kumbe picha ile ilikuwa shahidi wangu.

Lakini neno moja lilikuwa limebaki.

"Nana. Mtu aliyemuua mkewe? Nani alisema nilimuua?"

Kijiti kilisimama mdomoni.

"Nana, inatosha," alisema Opanin Tabi.

Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinijia mwenyewe bila msemaji, akaniwekea mkono begani, kwenye bega lile lililokuwa wazi.

"Mkwe. Kondoo tumekusamehe. Kwadwo nitashughulika naye mimi, nimemlea. Jumamosi njoo uvae nyeupe yako, na nitatangaza simu zote ziachwe mlangoni, kuanzia hii ya Nana. Nenda nyumbani ukapumzike."

Angalieni mtu niliyemshuku. Alikuwa ananipa kila nilichokijia, na zaidi. Mtu mwenye busara angesema asante, angepandisha nguo yake begani, angevaa ndara zake, angekwenda.

Mimi nilitazama jinsi alivyokuwa anaharakisha. Nikajiambia, mkubwa akikupa haraka hivi, kuna kitu anafunika.

"Sitoki," nilisema, "mpaka niambiwe jina."

"Yaw. Usiombe hilo."

"Ni daktari yule wa zahanati? Ametafuta wa kumtupia lawama? Ni wale wa gari la wagonjwa? Hao ndio waliomuua! Walifika saa kumi na mbili! Mtu anakata roho, wao wanafika saa kumi na mbili! Msemaji, tamka jina!"

Sarpong alitazama chini, fimbo yake ikitazama chini pia.

"Ni mimi, Baba."

Serwaa alikuwa amesimama. Ganda la muhogo lilikuwa limemganda kwenye goti. Aliweka kisu juu ya ungo polepole, kama anaogopa kitapiga kelele, akaja hadi katikati ya uwanja.

"Sikusema ulimuua," alisema. "Hilo waliliongeza wao. Mimi niliwaonyesha simu ya Mama."

"Simu ya Mama?"

"Nilipotoka shule kuja kwenye msiba, Mama Jirani alinipa. Alisema ilikuwa kitandani, chini ya mto. Nilikuwa natafuta picha yake nzuri ya kuweka kwenye bango. Nikaona alizopiga siku ile."

Nilitaka kumwambia akae. Akaendelea.

"Saa kumi na dakika tisa alikupigia. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Na kumi na nne. Na kumi na saba. Mara nne, Baba."

"Nilikuwa chini ya lori, mwanangu. Mikono ina grisi. Kazi yetu unaijua, simu inalia mfukoni na huwezi..."

"Saa kumi na dakika kumi uliandika kwenye grupu la nyumba yetu."

Nikaitazama simu yangu mkononi mwa Sarpong.

"La wapangaji. Lile la zamu ya kufagia. Kuna mtu alikuwa ameweka klipu ya kuchekesha. Wewe uliandika 'hahaha'. Mama naye yumo kwenye grupu hilo. Ilimfikia, Baba. Amelala pale anakupigia, na 'hahaha' yako ikaingia kwenye simu yake."

Wiki saba sasa nimewaandikia hapa jinsi gari lilivyochelewa. Lilichelewa, hilo silifuti, na waliolichelewesha Mungu anawaona. Lakini kuna kitu nilikuwa nakiruka kila wiki, na mhariri hakukiona, na ninyi hamkukiona. Sikuwaambia gari liliitwa saa ngapi. Liliitwa saa kumi na moja na robo, na Mama Jirani, alipoingia kuomba chumvi akamkuta Afua sakafuni.

Hapakuwa na lori. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi, kivulini, hedifoni masikioni. Jina lake lilikuja juu ya skrini, likaziba klipu. Nikalisukuma kwa kidole. Likaja tena, nikalisukuma tena. Nilidhani anataka nipitie sokoni kununua nyanya. Mara nne nilidhani ni nyanya.

"Msemaji," nilisema, maana nilihitaji mtu wa kusimama kati yetu, "mwambie mwanangu..."

"Mimi si mkubwa wa mtu, Baba. Nimesimama hapa. Niambie mwenyewe."

Hakuwa analia. Nilitamani alie.

"Mimi nataka kurudi nyumbani," alisema Serwaa. "Kila siku nataka. Begi langu limefungwa tangu mwezi wa nne, waulize. Wazee waseme watakavyosema Jumamosi, nikitaka kwenda na wewe hawatanizuia. Opanin ameniahidi. Lakini kuna kitu kimoja nikilala nakiwaza, nikiamka nakiwaza. Nijibu hicho tu, nitabeba begi sasa hivi, tuondoke wote."

"Uliza, mwanangu. Uliza chochote."

"Ulikuwa unacheka nini?"

Nilifungua mdomo.

Nikaitafuta ile klipu. Niliona kivuli, niliona tairi, niliona kidole changu kikisukuma jina la mke wangu pembeni. Nikatazama ndani ya skrini ile kichwani mwangu. Ilikuwa nyeupe tupu. Mtu aliyeanguka? Mbuzi? Mchungaji na kipaza sauti? Zilikuwa nyingi hivyo, kila siku, tangu asubuhi.

Wazee walinisubiri. Wanawake wa jikoni walinisubiri. Serwaa alikuwa amekwishageuza mguu mmoja kuelekea chumba kilichokuwa na begi lake, anasubiri neno langu moja tu ainue na wa pili.

Na mimi nilisimama pale uani, bega wazi, ninajaribu kukumbuka.